Makala mbili za ziwa moja: ipi niiamini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, na ninaishi Nyegezi hapa Mwanza. Mhadhiri wetu alitupa makala mbili za utafiti zilizochapishwa katika jarida la Lancet, akatutaka tuandike muhtasari wa kila moja. Ya kwanza, ya mwaka 1995, inasema kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vijiji vya Mwanza kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Ya pili, ya mwaka 1999, ilitoka Rakai nchini Uganda, nayo inasema kuwa kutibu magonjwa hayohayo hakukupunguza maambukizi mapya ya VVU. Nilichukua ikisiri ya kila makala, yaani ule ufupisho unaowekwa mwanzoni, nikabadilisha maneno hapa na pale, nikakabidhi. Kazi imerudi na maandishi mekundu: "Umefupisha maneno, hujafupisha utafiti." Nimekosea wapi, na kati ya makala hizo ipi niiamini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ukilielewa hilo utaona mwenyewe ulipokosea. Makala hizo hazipingani kama unavyodhani, kwa sababu hazikujaribu jambo moja. Ikisiri ina nafasi ndogo, hivyo hukimbilia matokeo, ilhali tofauti unayoitafuta imo katika sehemu ya mbinu, ambayo wanafunzi wengi huiruka kwa kuiona kavu.

Isome sehemu hiyo taratibu, kalamu mkononi. Mwanza, watafiti walichukua jamii 12 za vijijini, wakazipanga katika jozi 6 za jamii zinazofanana, kisha kwa kura jamii moja ya kila jozi ikapata huduma iliyoboreshwa na nyingine ikawa ya kulinganishia. Watumishi wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa zinapatikana, wasimamizi wakawatembelea mara kwa mara, na wananchi wakahimizwa kuwahi matibabu. Mgonjwa alikwenda mwenyewe siku aliyoona dalili. Rakai, kinyume chake, watafiti waliwafuata watu majumbani kila baada ya miezi 10, wakawapa dawa watu wazima waliokubali, wenye dalili na wasio nazo, huku kundi la kulinganishia likipewa dawa za minyoo na vitamini. Aliyeambukizwa ugonjwa wa zinaa muda mfupi baada ya duru moja hakufikiwa tena na dawa hizo hadi duru iliyofuata.

Kuna na tofauti ya pili. Utafiti wa Mwanza ulipoanza, watu kama 4 katika kila 100 walikuwa na VVU. Rakai walikuwa karibu 16. Waliozilinganisha tafiti hizi baadaye walieleza kuwa, pale ambapo VVU vimekwisha kuenea kiasi hicho, sehemu ya maambukizi mapya ya VVU inayorahisishwa na magonjwa mengine ya zinaa yanayotibika huwa ndogo. Kwa hiyo ziamini zote mbili, kila moja kwa jambo ililolipima na kwa watu iliowapima.

Sasa nenda kwenye majedwali, maana hapo ndipo muhtasari wako ulipopwaya zaidi. Uliandika "asilimia 40" bila kusema ni ya nini. Katika jamii zilizopata huduma, watu 48 kati ya 4,149 waliokuwa hawana VVU waliambukizwa katika miaka miwili, sawa na asilimia 1.2, katika jamii za kulinganishia walikuwa 82 kati ya 4,400, sawa na asilimia 1.9. Ile takriban asilimia 40 ni upungufu ukilinganishwa na hiyo 1.9, bali tofauti halisi ni watu kama 7 katika kila 1,000. Takwimu zote mbili ni za kweli, lakini anayesoma ile ya 40 peke yake hupata picha kubwa mno. Tena watafiti wenyewe walikadiria kuwa upungufu huo ungeweza kuwa mahali popote kati ya asilimia 21 na 58, na ni haki ya msomaji wako kuujua upana huo.

Tazama pia waliokosekana. Watu 12,537 waliandikishwa mwanzoni, na baada ya miaka miwili asilimia 71 tu ndio waliopatikana tena. Wewe unayeishi kando ya ziwa unajua jinsi wavuvi wanavyohama kambi hadi kambi. Basi jiulize kama waliohama walikuwa na hatari sawa na waliobaki, na kama waliondoka kwa kiwango kilekile pande zote mbili. Swali hilo haliubomoi utafiti, na mimi nauheshimu sana, lakini mhadhiri akilikuta katika kazi yako atajua umesoma.

Kuhusu uandishi wenyewe: kubadilisha maneno ya ikisiri huku sentensi zikifuatana kama zilivyokuwa ni kunakili, hata ukitaja chanzo. Soma makala yote, ifunge, subiri kidogo, kisha andika bila kuitazama. Utakapokwama ndipo hukuelewa. Rudi hapo tu. Tarakimu zihakiki mwishoni.

Mfano wa mwanzo wa muhtasari wa Mwanza ni huu: "Watafiti walitaka kujua kama kuimarisha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika huduma za kawaida za afya vijijini kunapunguza maambukizi mapya ya VVU. Walilinganisha jamii 6 zilizopata huduma hiyo na 6 ambazo hazikuipata, kwa miaka miwili. Maambukizi yalikuwa asilimia 1.2 dhidi ya 1.9, lakini karibu watu 3 katika kila 10 hawakupatikana mwishoni." Muhtasari wa Rakai nakuachia uandike mwenyewe. Anza na zile duru za miezi 10, na usiandike "matibabu hayafai" mahali ambapo makala inasema kuwa matibabu ya namna ile, katika jamii ile, hayakuonyesha tofauti.