Maswali na Majibu: Kibodi ya Huku, Kompyuta ya Kule

Barua nyingi za safari hii zina shida ya aina moja: kibodi isiyo na waya iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo mmoja (Windows, Mac au Linux) imehamishiwa kwenye kompyuta yenye mfumo mwingine. Kabla ya kujibu, jambo moja lieleweke, kwa sababu majibu karibu yote yanatoka humo. Kibodi haitumi herufi, inatuma namba ya kitufe. Kitufe kinachopakana na Caps Lock kinatuma namba 4, iwe juu yake imechapwa A, Q au herufi ya Kiarabu. Namba hiyo igeuke herufi gani, hilo huamuliwa na kompyuta. Kwa hiyo usikimbilie kufungua kibodi wala kuirudisha dukani. Fungua mipangilio ya kompyuta kwanza.

Shikamooni. Nimepata kibodi ya Apple ya mtumba, ile nyembamba ya alumini inayotumia betri mbili. Laptopu yangu ni Windows 11. Mwanzoni haikuonekana kabisa. Sasa imeungana, lakini Alt na kitufe cha Windows vimebadilishana nafasi, Delete inafuta kurudi nyuma tu, na sioni pa kupiga picha ya skrini. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Tuanze na kuonekana, maana kuna wasomaji ambao bado wamekwama hapo. Kibodi hiyo (chini yake imeandikwa A1314) huikumbuka kompyuta iliyoungana nayo mwisho. Bonyeza kitufe cha ubavuni kulia mpaka taa izimike, kisha kibonyeze tena na ukishikilie mpaka taa ya kijani ianze kupepesa. Kwenye Windows 11 ingia Settings, kisha Bluetooth & devices, halafu Devices. Shuka mpaka Bluetooth devices discovery, na badala ya Default weka Advanced. Bila hatua hiyo vifaa vingi vya zamani havijitokezi kwenye orodha. Sasa bonyeza Add device. Skrini ikikupa namba, iandike kwa kutumia kibodi ya Apple yenyewe, siyo ya laptopu, kisha bonyeza Return. Wengi huandika namba sawasawa wakasahau Return, na muunganiko unakatika baada ya muda mfupi.

Kuhusu Alt: kwenye kibodi za kawaida, ukitoka pembeni kwenda spesi, mpangilio ni Ctrl, Windows, Alt. Apple wameweka fn, Control, Option, Command. Command hutuma namba ile ile ya kitufe cha Windows, na Option hutuma ya Alt. Ndiyo maana kidole kikienda kwenye Alt kwa mazoea kinaangukia Windows, na ukitaka kunakili kwa Ctrl+C kinagusa fn, ambayo Windows haiisikilizi. Control ni kitufe cha pili kutoka pembeni.

Dawa ni PowerToys, programu ya bure ya Microsoft. Ndani yake kuna Keyboard Manager, na hapo unaiambia Left Win iwe Left Alt, na Left Alt iwe Left Win. Ila tahadhari, na hapa ndipo watu wanapoumia: mabadiliko hayo yanagusa kibodi zote zilizounganishwa, pamoja na ile ya laptopu yenyewe. Ukirekebisha ya Apple umeharibu ya laptopu. Kama unatumia zote mbili, ushauri wetu ni kuuzoea mpangilio wa Apple na kubadilisha kitufe kimoja tu: Command ya kulia (Right Win) iwe Delete. Laptopu nyingi hazina kitufe cha Windows upande wa kulia, kwa hiyo hakuna kitakachovurugika, nawe umepata Delete inayofuta kwenda mbele. Elewa pia kwamba PowerToys haifanyi kazi kwenye skrini ya kuingilia, inasubiri uingie kwanza.

Picha ya skrini haihitaji kubadilisha chochote: Command, Shift na S kwa pamoja, kisha chora eneo unalotaka.

Safu ya juu itatumika kama F1 mpaka F12, lakini alama za sauti na mwanga zilizochapwa hapo hazitafanya kazi. Kazi hizo hutafsiriwa na mfumo wa Apple, au na programu ambayo Apple waliitengeneza kwa ajili ya kompyuta zao wenyewe zinapoendesha Windows. Vipande vya programu hiyo vinazungushwa kwenye tovuti za ovyo. Tafadhali usivipakue. Programu inayosikiliza kila kitufe unachobonyeza inasikiliza na nywila zako pia.

Msomaji wa Moshi mwenye kibodi kama hiyo kwenye Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ana shida iliyo kinyume: kila akibonyeza F5, haipati F5. Linux inaijua kibodi ya Apple, ina moduli yake (kipande cha mfumo kinachohudumia kifaa) inayoitwa hid_apple, na moduli hiyo hutanguliza alama za sauti na mwanga. Jaribu amri hii kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

echo 2 | sudo tee /sys/module/hid_apple/parameters/fnmode

F5 ikirudi, ifanye ya kudumu. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/hid_apple.conf, ndani yake andika mstari mmoja:

options hid_apple fnmode=2 swap_opt_cmd=1

Kisha endesha sudo update-initramfs -u na uwashe kompyuta upya. Kipande cha swap_opt_cmd=1 kinabadilishana Option na Command kwenye kibodi ya Apple peke yake bila kugusa ya laptopu. Kwa hili Linux imeipita Windows. Amri ya fnmode inatibu pia baadhi ya kibodi za Keychron, kwa sababu hujitambulisha kwa kompyuta kama za Apple.

Kibodi yangu ya Bluetooth ina herufi za Kifaransa, laptopu mpya imekuja na Kiingereza. Nikibonyeza A inatoka Q, na nywila yangu inakataliwa. Je, kibodi ni mbovu? (Msomaji, Bujumbura)

Ni nzima kabisa. Kibodi yako ni ya mpangilio wa AZERTY (herufi sita za kwanza za safu ya juu ya kibodi za Kifaransa), na kompyuta inazitafsiri namba zake kwa mpangilio wa Marekani. Ingia Settings, Time & language, Language & region. Bonyeza nukta tatu zilizo kando ya lugha yako, chagua Language options, kisha Add a keyboard. Huhitaji kubadilisha lugha ya kompyuta nzima, unaongeza mpangilio tu. Baada ya hapo Windows na spesi kwa pamoja vitakuhamisha kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine.

Sasa uchague AZERTY ipi? Ya Ufaransa na ya Ubelgiji hazifanani kwenye alama. Tazama @ imechapwa wapi. Ikiwa kwenye kitufe cha 0 pamoja na à, hiyo ni ya Ufaransa: chagua French (Legacy, AZERTY). Ikiwa kwenye kitufe cha 2 pamoja na é, ni ya Ubelgiji: chagua Belgian French. Ukikosea hapa herufi zote zitakuwa sawa, halafu siku unaandika barua pepe unaitafuta @ huioni.

Kuhusu nywila, angalia pembe ya chini kulia ya skrini ya kuingilia. Kuna herufi fupi zinazoonyesha mpangilio unaotumika. Ubadilishe hapo kabla ya kuandika, kisha shikilia alama ya jicho kwenye kisanduku cha nywila ujionee kilichoandikwa.

Laptopu yangu ina Windows na Ubuntu pamoja. Nikiunganisha kibodi ya Bluetooth upande mmoja, nikiwasha upande wa pili inakataa, mpaka niifute na kuiunganisha upya. Kila siku hivyo hivyo. Nimechoka. (Msomaji, Mombasa)

Pole sana, hili ndilo linalosumbua kuliko yote. Kibodi na kompyuta zikiungana, hutengeneza ufunguo wa siri wa tarakimu 32 (namba 0 hadi 9 na herufi A hadi F), na kila upande unahifadhi nakala. Redio ya Bluetooth ya laptopu yako ni moja, hivyo machoni pa kibodi Windows na Ubuntu ni kompyuta moja yenye anwani moja. Ukiunganisha Ubuntu, kibodi inautupa ufunguo wa Windows na kushika mpya. Ukirudi Windows, funguo hazilingani.

Tiba ni mifumo yote miwili iwe na ufunguo mmoja, na mpangilio wa hatua usiuruke. Unganisha kibodi kwenye Ubuntu kwanza. Kisha washa Windows, unganisha tena, na kuanzia hapo usiiunganishe upya popote. Pakua PsExec (programu ndogo ya kuendesha nyingine kwa mamlaka ya mfumo) kutoka kwa Microsoft, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike psexec -s -i regedit. Hiyo inafungua regedit, kihariri cha sajili ya mipangilio ya Windows. Ukiifungua kwa njia ya kawaida folda utaiona tupu. Nenda hapa:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\BTHPORT\Parameters\Keys

Ndani kuna folda yenye anwani ya redio ya laptopu, na humo kuna mstari wenye anwani ya kibodi. Nakili tarakimu zake kwenye karatasi. Rudi Ubuntu, andika sudo -i, ufungue faili inayoitwa info ndani ya /var/lib/bluetooth, kwenye folda ya redio na kisha ya kibodi. Chini ya [LinkKey], mbele ya Key=, futa kilichopo uweke ulichonakili, kwa herufi kubwa na bila nafasi katikati. Maliza kwa systemctl restart bluetooth.

Ukikuta kibodi yako ina folda nzima badala ya mstari mmoja kwenye regedit, hiyo ni ya Bluetooth ya nishati ndogo. Ina funguo kadhaa, na kuzihamisha kwa mkono ni rahisi kukosea. Hapo tunashauri njia nyingine kabisa: kibodi yenye kipokezi chake cha USB. Ufunguo unakaa ndani ya kipokezi, mfumo wowote utakaowasha utaikuta kibodi tayari. Tena kipokezi hufanya kazi hata kabla mfumo haujawaka, kwenye orodha ya kuchagua Windows au Ubuntu. Kibodi ya Bluetooth mahali hapo kwa kawaida ni kimya.

Nimeunganisha kibodi ya Windows ya Uingereza kwenye Mac mini. Alt na Windows zimepishana, na @ inatoa alama za kunukuu. (Msomaji, Nairobi)

Ingia System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, kisha Modifier Keys. Juu kabisa chagua jina la kibodi yako, siyo nyingine, halafu badilisha Option iwe Command na Command iwe Option. Mac hukumbuka hilo kwa kila kibodi peke yake. Kwa @, ongeza mpangilio unaoitwa British – PC kwenye Input Sources. Ule wa British pekee ni wa kibodi za Apple.

Kibodi yenye kipokezi cha USB inaruka herufi, au inaandika "kaaaazi". Betri ni mpya. (Msomaji, Unguja)

Tazama kilichochomekwa jirani na kipokezi. Diski au flashi ya USB 3.0 inapofanya kazi hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na hayo ndiyo masafa ya kipokezi chako. Hamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu, au kichomeke kwenye waya wa kurefusha wa USB kikae karibu na kibodi, mbali na diski. Na kama betri zako mpya ni za kuchajiwa, kwa kawaida zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo kibodi inaweza kuonyesha kuwa zimepungua hata zikiwa zimejaa.