Ukitaka kung'oa mimea vamizi kijitoni, usianzie palipojaa

Kila kikundi kipya ninachokwenda nacho kijitoni hutaka kuanzia mahali pamoja: pale gugu lilipoumeza ukingo mzima hata maji hayaonekani. Naelewa. Ndipo panapoudhi macho, na picha za kabla na baada hutoka vizuri. Lakini huwa nawapitisha hapo bila kusimama, nawapeleka hadi penye mimea ya asili iliyo hai na magugu machache yaliyojipenyeza, na mapanga tunayaacha nyuma. Manung'uniko hayakosekani.

Utaratibu huu sikuubuni mimi. Dada wawili wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley, waliuanza katika miaka ya 1960 kwa kung'oa magugu kwa mkono kwenye vichaka vya asili vya karibu na kwao. Kanuni zao zilikuwa tatu: anzia palipo pazima uelekee palipoharibika, usivuruge udongo kuliko inavyolazimu, na uache mimea ya asili iamue kasi ya kazi. Hiyo ya tatu ndiyo watu huiruka. Ukifyeka eneo kubwa kwa siku moja umeacha udongo mtupu uliojaa mbegu, jua linaupiga, na wa kwanza kuota ni yuleyule uliyemfukuza. Ukisogea kidogo kidogo, mimea ya asili iliyo jirani inadondosha mbegu kwenye pengo ulilolifungua, na mara nyingi huna haja ya kupanda chochote.

Kwa kijito ongeza kanuni ya nne: anzia juu ushuke nacho. Balsamu ya Himalaya, inayosumbua kingo za mito ya Ulaya, hurusha mbegu zake hadi mita 7 vitumba vinapopasuka, na zinazoangukia majini husafiri mbali zaidi. Ukisafisha chini huku juu kumejaa, kila mafuriko yanakuletea shehena mpya. Nafuu yake ni kwamba mizizi yake ni mifupi, inang'oka kwa mkono, na mbegu hazidumu sana udongoni. Izuie kutoa mbegu kwa misimu michache mfululizo, kuanzia inakoanzia, nayo itakwisha.

Si magugu yote yenye huruma hiyo. Kabla ya kugusa chochote, jua kama mmea wako unaenea kwa mbegu, kwa vipande, au kwa vyote viwili. Tete kubwa liitwalo Arundo donax halitoi mbegu zinazoota huko California, na bado limeshika kingo za mito mingi, kwa sababu mafuriko huvunja mashina yake ya chini ya ardhi na kuyapeleka kwingine. Gugu la Fallopia japonica huchipua kutoka kwenye kipande kidogo kuliko kidole. Mimea ya aina hii ukiikatakata kando ya maji umeipanda. Ndiyo sababu ya kuacha mapanga. Gugu maji lina hila zote mbili: linazaa vichipukizi juu ya maji, na mbegu zake zinaweza kukaa matopeni miaka 20, kwa hiyo bwawa lililo jeupe leo bado halijapona.

Pwani, kabla ya kupanga siku ya kazi tazama mwezi. Sehemu za juu za ardhi oevu zifanyie kazi siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, kwa kuwa maji hayafiki huko na udongo unaweza kukubeba. Ukingo wa chini usubiri bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa mbali, ila utoke mapema maana hurudi kwa kasi. Na lundo la magugu mliyoyang'oa liwekwe juu ya alama ya bamvua, hata kama ni mbali na mgongo unauma. Nimeona malundo yaliyopangwa vizuri siku ya maji mafu yakaelea yote wiki iliyofuata.

Hapa pwani pia kuna swali ambalo nadhani linastahili kuulizwa kabla ya kununua glavu: je, maji ya chumvi bado yanaingia? Mara nyingi gugu limekuja kwa sababu tuta la barabara au kalavati finyu limeziba mlango wa maji kujaa. Chumvi ikipungua, matete na mimea mingine ya maji baridi hupata nafasi ambayo isingeipata. Kalavati ikipanuliwa, chumvi inarudi na kudhoofisha matete, kazi ambayo watu wenye majembe wangeifanya miaka nenda rudi. Ni kazi ya wahandisi na vibali, haina picha nzuri, lakini mimi ningependa nguvu zangu ziende huko kwanza.

Angalia pia nani anaishi ndani ya gugu. Katika ghuba ya San Francisco, nyasi ya Spartina iliyoletwa kutoka pwani ya Atlantiki ilichanganyika na ya asili, ikazaa chotara mrefu aliyefunika matope. Ndege mmoja wa vinamasi aliye hatarini kutoweka akafanya chotara huyo maficho yake. Gugu lilipoondolewa kwa haraka, ndege nao wakapungua, ikabidi kazi isimamishwe katika baadhi ya maeneo hadi maficho mengine yaandaliwe. Kuacha kipande cha gugu kwa muda si uzembe.

Dawa za kuua magugu sizikatai. Kuna mimea ambayo bila dawa hutaimaliza, na kuchimba ni kuisambaza. Lakini dawa iliyotengenezwa kwa mashamba isikaribie maji: baadhi zimechanganywa na viambato vya kuifanya ishike kwenye majani, na viambato hivyo huua viluwiluwi. Kuna zilizoidhinishwa kwa matumizi ya majini, nazo katika nchi nyingi huhitaji kibali na mtu aliyefunzwa. Kikundi cha kujitolea kisijaribu.

Mkimaliza, osheni gambuti na vifaa papo hapo, vikauke kabisa kabla ya kwenda kijito kingine.

Msimu ukifuata, siku ya kwanza usiguse eneo jipya. Rudi ulikosafisha, ng'oa miche ya gugu iliyochomoza, tazama kama mimea ya asili imeshika. Ikiwa siku nzima imekwisha kabla hujafika mpaka wa mwaka jana, basi eneo lenu limeshawatosha, na mpaka usisogezwe mwaka huu hata wafadhili wakiuliza hekta.