Dada, daftari la hisia usilitie kalamu nyekundu

Futa hiyo picha kwanza, ndipo tuongee. Hiyo uliyoambatanisha, ukurasa wa mwanao ulioandikwa "Leo nimekasirika kwa sababu sikuruhusiwa kucheza", na pembeni umemwekea 7/10. Mtoto ana miaka kumi, kusoma anajua, na simu yako anaishika kila siku.

Umesema uko Lindi mjini, mwanao anasumbuliwa na pumu, mmekubaliana na baba yake asomee nyumbani mpaka atulie. Unataka kujua uandishi wa hadithi na mashairi uuweke siku gani ya wiki, muda wa kujitunza wa mtoto na wako mwenyewe uingie wapi, vitabu gani ununue, na kama ile ratiba ya wiki inayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp inafaa. Nianze na ratiba, maana naijua. Niliilipia Sh 35,000, na hiyo hela ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Kwa macho imepangwa vizuri. Jumatatu shairi, Jumanne insha, Jumatano barua ya shukrani, Alhamisi hadithi, na kila jioni robo saa ya daftari la hisia. Hadi hapo sina ugomvi nayo. Ijumaa ndiyo yenye sumu: mzazi anakusanya lile daftari la hisia, anasahihisha, anatoa alama, halafu anapiga picha ukurasa uliopendeza anautuma kundini ili wazazi wajifunze kwa wenzao.

Binti yangu ana sikoseli. Alipofika miaka kumi na moja alikuwa hamalizi wiki moja shuleni bila kuumwa, tukaenda kuzungumza na mwalimu mkuu, tukakubaliana asomee nyumbani Mikindani kwa muda huku shule ikijua na jina lake likibaki pale. (Na wewe fanya hivyo, usimtoe kimyakimya. Elimu ya msingi ni lazima kisheria.) Mtoto mwenyewe alikuwa anapenda kuandika. Alikuwa anaandika nyuma ya kalenda, kwenye maboksi ya sabuni, popote penye nafasi nyeupe. Ndiyo maana ile ratiba iliniingia akilini haraka: nikaona mtoto atapata insha na nafsi yake itapona kwa mpigo mmoja.

Wiki za mwanzo aliandika kweli. Kuna ukurasa mmoja mpaka leo naukumbuka wote. Aliandika kwamba amechoka kuitwa mgonjwa. Kwamba wageni wakija anatamani akakae chini ya mkorosho nyuma ya nyumba mpaka waondoke, kwa sababu wanamwangalia macho yake ya njano kisha wanamwangalia mama. Kwamba mdogo wake anaogelea na yeye anaachwa ufukweni na kanga mbili begani, wakati kuogelea ni yeye aliyemfundisha.

Mimi nikachukua kalamu nyekundu. Nikaweka herufi kubwa alikosahau. Nikapigia mstari sentensi ndefu nikaandika "igawanye". Nikampa 6 kati ya 10. Halafu nikapiga picha, kwa sababu niliona mwanangu anajua kuandika na nilitaka watu waone. Kundi zima likapiga makofi ya vikatuni. Shangazi yake aliyeko Newala naye alikuwemo mle, akapiga simu usiku huohuo akaomba apewe mtoto, akamwambia asijisikie vibaya, Mungu anampenda hivyohivyo na macho yake. Binti akasikiliza, akasema ahsante shangazi, akanirudishia simu.

Kuanzia hapo daftari likawa safi. "Leo nimefurahi. Nimekunywa uji. Namshukuru Mungu." Kesho yake, "Leo nimefurahi. Nimefua soksi. Namshukuru Mungu." Herufi kubwa mahali pake, nukta mahali pake. Nikampa 9, nikampa 10. Niliposhangaa kidogo kwamba furaha imekuwa ileile kila siku, nikamwuliza mkufunzi wa kundi, yule anayeuza ratiba. Akanijibu kwamba mtoto ameanza kukomaa kihisia. Kukomaa! Embe likikomaa hunukia, huyu mtoto alikuwa amefungwa kama korosho kwenye ganda lake, na yule bwana anaita kukomaa.

Ikaja Julai. Wa Mtwara na Lindi mnajua upepo wa kusi wa asubuhi miezi ile, na mwenye mtoto wa sikoseli anajua zaidi. Baridi, maji kidogo mwilini, uchovu, homa: chochote kati ya hivyo kinaweza kuamsha maumivu ya mifupa. Ukiwahi, unamnywesha maji mengi, unampa joto, unampa dawa ya maumivu aliyoandikiwa, na mara nyingi yanatulia hapohapo nyumbani. Ukichelewa hali inakuwa nyingine. Wiki ile kila jioni nilipitisha macho kwenye daftari, nikasoma amefurahi, nikalala. Usiku wa Alhamisi akaanza kupiga kelele. Tukakodi bajaji kutoka Mikindani hadi mjini, mimi nimempakata, baba yake anaomba kila shimo lipitwe taratibu.

Wodini muuguzi akamwuliza yeye, hakuniuliza mimi: "Mguu umeanza kuuma lini?" Akasema, "Jumanne." Jumanne! Jumanne kwenye daftari kulikuwa na "Leo nimefurahi". Alipopata nafuu nikamwuliza kwa nini hakuandika kwamba mguu unauma. Akasema, "Nilijua utapiga picha."

Dada, mtoto hakudanganya kwa utundu. Alikuwa amejifunza somo nililomfundisha: ukurasa wenye maumivu unaleta wino mwekundu, makofi ya watu asiowajua, na simu ya shangazi, ukurasa wenye furaha unaleta kumi. Mtoto yeyote mwenye akili atachagua kumi. Nami nilikuwa nategemea daftari hilohilo kujua hali ya mwili wake. Ndiyo maana nakwambia ratiba ile ni hatari kuliko kutokuwa na ratiba kabisa, hasa kwa mtoto mgonjwa. Bila daftari ningemtazama anavyotembea.

Nilirudi kundini kuwaeleza wazazi wengine. Yule mkufunzi akasema naleta maneno ya kukatisha tamaa, akanitoa. Bado anauza. Anawauzia mama zetu wenye watoto wa pumu, sikoseli, kifafa, watu walio tayari kulipia chochote chenye neno "tiba", na yeye hajawahi kuulizwa na muuguzi maumivu yameanza lini. Kama yumo humu anasoma, nasimama na kila nilichoandika.

Na hata hilo wazo la kuandika ili kupunguza uzito moyoni amelichukua akalikata kichwa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, akiwa na mwenzake Sandra Beall, alichapisha jaribio lake kwa wanafunzi wa chuo. Waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika yaliyowaumiza, tukio pamoja na walivyojisikia, walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku hizohizo, lakini miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Hao walikuwa watu wazima, siyo watoto wetu, na kuandika hakuponyi sikoseli wala pumu. Ila angalia: katika zoezi la Pennebaker mwandishi huambiwa asijali tahajia wala sarufi, na hakuna anayempa alama. Mkufunzi wetu alichukua dakika 15, akaacha usiri, akaongeza kalamu nyekundu. Tena ona hiyo huzuni ya mwanzo. Mwanao akimaliza kuandika akawa kimya, mwache, usimkimbilie kumchangamsha.

Kanuni yangu ni moja na sitaibadilisha: daftari la moyo halisomwi na mtu, halisahihishwi, halipigwi picha. Likiachwa wazi mezani, unalifunga bila kutupia jicho. Akitaka kukusomea, unasikiliza mpaka mwisho, na kosa la sarufi ukilisikia unalimeza.

Kwa masahihisho anunuliwe kaunta buku nyingine ya rangi tofauti, hiyo ndiyo ya shule. Humo sahihisha, ila kitu kimoja kwa wakati: wiki hii nukta, wiki ijayo herufi kubwa. Na hadithi za humo zitoke nje yake, kwenye nchi hii yetu iliyojaa hadithi. Wewe uko Lindi, Tendaguru iko jirani yako! Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha pale mifupa ya dinosaria, wapagazi wetu wakaibeba kichwani na mabegani kwa miguu siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, na leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Mwambie mwanao awe mfupa wa paja, asimulie safari. Lakini asimulie kwa mdomo kwanza. Binti yangu aliporudi kwenye hadithi alirudi kwa mdomo: jioni tunakula ming'oko, yeye anasema "Paukwa!", mdogo wake anaitika "Pakawa!", na hadithi inaanza. Kwa muda mrefu hakushika kalamu, na sikumlazimisha. Aliposhika tena, aliniomba kwanza nimwoneshe daftari nitaliweka wapi.

Najua kuna atakayeuliza: je, mtoto akiwa anafanyiwa jambo baya na anaandika humo? Hofu hiyo ni ya haki. Ila mtoto anayejua unachungulia hataandika. Mwulize kwa mdomo, mara kwa mara, mkiwa mnafanya kitu kingine, mnachambua mchele au mnatembea. Na mfundishe namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo, ili ajue kuna mlango mwingine hata siku ambayo wewe humfai.

Habari za mwili zitoeni kabisa kwenye daftari. Sisi tulikubaliana maumivu yanasemwa palepale, hata katikati ya hesabu, hata wageni wakiwepo, na jibu langu la kwanza ni maji na blanketi, maswali baadaye. Kwa mwanao wa pumu iwe vivyo hivyo: kifua kikianza kubana anasema, unamkalisha wima, anapata dawa yake ya kuvuta kama daktari alivyoelekeza, na kalamu inasubiri. Usimwambie "maliza sentensi kwanza". Mimi niliwahi kusema hivyo.

Kama ile ratiba hujailipia, usiilipe. Kama umeshalipa, Ijumaa ifute yote, siku nyingine zigeuze utakavyo. Kesho mnunulie daftari jipya la moyo, mpe baba yake akiwepo, na wote wawili mtamke mbele yake kwamba hamtalifungua. Nitapita hapa jioni, niandikie alivyolipokea.