Jibu: Mkahawa wa bata wa kuchoma Hong Kong, menyu Kichina tupu

Salaam ndugu. Umekwama kwa kuwa menyu ni Kichina tupu na mhudumu hana subira. Achana na menyu, tazama kwanza kioo cha mbele: nyama zote zinaning'inia pale. Bata ana ngozi ya kahawia inayong'aa mafuta. Vipande virefu vyekundu, kingo zimeungua kidogo, ni char siu, yaani nguruwe. Nyoosha kidole, sema "faan", utaletewa na wali. Mimi huagiza hivyo. Ukikalishwa meza moja na watu usiowajua, kaa tu, ndivyo walivyo.

Lakini kama huli nguruwe, hata bata muache: mpishi hukatia nyama zote kwenye gogo moja, kwa panga lilelile. Nenda kantini ya msikiti wa Ammar, Wan Chai.