Jibu: Mbwa anatetemeka fataki zikianza, nimbembeleze?

Ndugu, umeuliza kama kumbembeleza mbwa wako fataki zinapolipuka ni kumdekeza. Mbembeleze tu, hofu haiongezeki kwa kupapaswa. Akija kukuegemea, kaa naye, ongea kwa sauti yako ya kawaida. Akijibanza chini ya kitanda, mwache hukohuko, usimvute.

Mtembeze kabla giza halijaingia ili amalize haja zake mapema. Kisha funga madirisha na mapazia, washa redio. Geti nalo lifungwe, na mkanda wa shingoni uwe na namba yako ya simu, maana mbwa aliyeshtuka huruka hata ukuta ambao siku zote humshinda.

Dawa za usingizi za binadamu usithubutu kumpa. Hali ikiwa mbaya, muone daktari wa mifugo mapema, umuulize dawa inayopunguza hofu yenyewe. Zipo zinazolegeza mwili tu, mbwa amelala pale kimya huku anasikia kila mlipuko (huo kwangu ni ukatili).

Kwa msimu ujao anza sasa: mwekee sauti za fataki zilizorekodiwa, chini kabisa, huku anakula kitu anachokipenda. Akilaza masikio nyuma au akiacha kutafuna, umezidisha. Punguza.