Muulize Fundi wa Miti: Mwembe Umelalia Bati la Jirani, Nikate Kichwa?

Wiki hii meseji karibu zote zinaongelea upepo. Tangu kile kimbunga Hidaya cha Mei 2024 watu wa pwani wingu likitanda tu mtu anautolea mti wake macho kama kamuona kibaka uani. Nimechagua tano, wengine nimeshawapigia.

SWALI: Hujambo mwanangu fundi. Mimi mama mtu mzima nipo Mbagala, nina mwembe aliupanda marehemu mume wangu mwaka tuliohamia, sasa umekua mpaka matagaa mawili yamelalia bati la jirani. Jirani anasema nikate kichwa chote kabla ya masika, na kuna vijana wa panga wamesema ni kazi ya siku moja. Niwaite?

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Usiwaite, na usikate kichwa.

Kukata kichwa ndo kazi naombwa kuliko zote hapa mjini na ndo naikataa kuliko zote. Mti unapika chakula kwenye majani, sasa ukiuvua majani yote siku moja unakuwa kama mtu kanyang'anywa jiko, unachota akiba yote iliyomo kwenye shina unatoa machipukizi kibao palepale ulipokatwa, yanapanda chapchap na misimu miwili mitatu baadae urefu umerudi uleule. Ila haya mapya hayajashikana na mti kama yale ya zamani, yani ni kama yamebandikwa tu juu ya gome, na chini yake kile kidonda kinaendelea kuoza. Siku ya upepo hayo ndo yatashuka kwenye bati la huyohuyo jirani. Alafu gome lililozoea kivuli miaka yote ukilianika kwenye jua la saa nane la Dar linababuka na kupasuka.

Hapo yanayohitaji kuguswa ni yale matagaa mawili tu. Kila moja linafupishwa lirudi hadi kwenye tawi dogo lililo hai, lenye unene usiopungua theluthi ya hilo linalokatwa, ili hilo dogo lishike usukani na tagaa lisife. Utakaowapa kazi hiyo wakishapanda huko juu watoe na matawi makavu, na yale yanayosuguana. Jumla ya majani yote yatakayotoka isizidi robo ya mti, hata kama kijana ameshanogewa na panga. Ifanyike maembe yakishaisha mtini, Februari hivi, manake maua ya mwembe yanatokea nchani, ukichelewa sana msimu ujao utakula kivuli.

Na mama simama uangalie wanavyokata, usiingie ndani kupika. Tagaa zito halikatwi kwa mkato mmoja. Kwanza unaanzia chini, unaingiza msumeno kama theluthi ya unene, alafu unahamia juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, unakata mpaka linaanguka lenyewe. Kinabaki kipande kifupi, hicho ndo unakikata mwisho, na sio kwa kukilaza kabisa na shina. Angalia pale tawi linapotokea utaona kiuvimbe kimezunguka kama kola ya shati. Hiyo kola ni ya shina, sio ya tawi, kata nje yake uiache. Ndo inayofunga kidonda.

Mimi nilijifunza vibaya. Nikiwa mgeni kwenye kazi niliruka ule mkato wa chini kwenye mwarobaini, nilikuwa nakimbizana na mvua, tagaa likavunjika kabla sijafika nusu na likashuka na gome la shina, ukanda mzima mrefu kuliko mimi, mbao nyeupe inang'aa imelowa utomvu na mwenye mti yupo chini ananiangalia hasemi kitu. Hakunilipa na sikumdai.

SWALI: Shikamoo fundi, nipo Morogoro. Nimekata tawi la mkrismasi hapa nyumbani, babu akaniambia nipake oili chafu kidonda kisioze, kaka yangu anasema rangi ya mafuta ndo nzuri. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu mwambie kwa upole, na kaka mwambie vyovyote, hakuna aliye sahihi.

Sisi wote tulifundishwa hivo, hata Ulaya na Marekani walipaka lami miaka na miaka. Aliyewavuruga ni Mmarekani mmoja anaitwa Alex Shigo, mtaalamu wa idara yao ya misitu, aliyefariki 2006. Jamaa alipopata chenso badala ya kuchukua vipande vya mviringo kama wenzake akawa anapasua mashina kwa urefu, maelfu ya miti, anaangalia uozo umetembea vipi humo ndani. Akaona kwamba mti hauponi kama ngozi yako inavyopona. Mbao iliyoumia haitengenezwi upya, mti unaijengea ukuta kuizunguka, unaifungia humo kama chumba kibovu, alafu unaendelea kukua kwa nje. Ukipaka oili huo ukuta hauusaidii chochote, unyevu unanasa chini yake na kuvu wanapata kwa kulala. Kata vizuri nje ya kola, acha wazi, ondoka.

SWALI: Fundi mambo, nipo Tanga. Nina mkaratusi mkubwa nyuma ya nyumba, shina linazidi nusu mita kwa upana, nataka kuutoa wote. Mmoja kanambia elfu 80, mwingine laki 6. Huyu wa laki 6 si mwizi?

JIBU: Poa kaka. Inawezekana ni mwizi, ila kwanza muulize kila mmoja ataushusha vipi.

Kuangusha na kushusha ni kazi mbili tofauti. Kuangusha unahitaji uwanja, unakata mdomo upande unaotaka mti ulalie, unakuja kwa nyuma, unaacha kipande cha mbao katikati kifanye kazi ya bawaba, mti unalala. Kwenye shamba la wazi elfu 80 sawa. Sasa wewe una nyumba, ukuta na pengine choo cha jirani, hapo mti unashushwa kipande kipande kuanzia kileleni, mtu yuko juu amejifunga mkanda na kamba mbili, kila kipande kinafungwa kamba kabla ya kukatwa na chini kuna mwenzie kaizungusha kwenye shina la mti anaiachia taratibu. Kigogo kibichi cha upana huo kikiwa na urefu wa mita moja tu kinaweza kupita kilo 150. Fikiria kimekuponyoka juu ya bati.

Kwahiyo muulize ana watu wangapi, nani anashika kamba, bati likitoboka nani analipa, magogo na takataka anaondoka nazo au anakuachia. Akipanda bila kofia ngumu, chenso mkono mmoja na mkono mwingine kashika tawi, mlipe nauli arudi kwao. Kabla ya yote pita serikali ya mtaa waeleze, na mwenye mvule au mninga hata kama upo uani kwake asiguse bila kibali cha watu wa misitu.

SWALI: Mizizi ya mti wetu imeinua sakafu ya baraza na sasa inaingia kwenye chemba ya maji machafu. Nikiikata mti utakufa? Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Kufa labda, kuanguka ndo naogopa zaidi. Mizizi mingi haiendi chini kama watu wanavyodhani, imetandaa juu juu, sentimita 60 za kwanza hivi, na ndo inayoushikilia mti. Pima upana wa shina, zidisha kwa tatu, ndani ya umbali huo usikate mzizi mnene kabisa, ukiweza kukaa mbali mara tano ni bora. Alafu hiyo chemba inavuja. Mzizi hautoboi bomba zima, unafata unyevu unapenya kwenye ufa uliokuwepo tayari, kwahiyo ita fundi bomba kwanza. Baraza bomoa hicho kipande, weka vitofali vya kupanga bila zege, vikiinuka unavitoa unapanga tena.

SWALI: Mwarobaini nimeukata mara tatu unachipua, na matawi yake yanagusa nyaya za umeme mbele. Na mnazi wangu nao naweza kuupunguza urefu?

JIBU: Mnazi hapana, una chipukizi moja tu na liko kileleni, ukilikata umeua. Ita mkwezi atoe makuti makavu na nazi zilizokomaa, hasa kama unapaki gari chini yake. Mwarobaini ni mbishi, ukibakiza kisiki umebakiza mti, kwahiyo chimba kitoke na shingo ya mizizi au kila wiki vunja machipukizi kwa mkono yakiwa bado laini mpaka uchoke wewe au uchoke wenyewe. Ila hayo ya nyaya usiguse, sio panga, sio fimbo ndefu yenye ndoano kama ile ya kuangulia maembe. Laini za mtaani zingine ni volti 11,000 au 33,000 na tawi bichi linapitisha umeme vizuri tu. Nenda TANESCO kawaambie. Wakichelewa nenda tena.