Sakafu ya mbao inayolia: jua kwanza kinachocheza

Mkuu, umeuliza kama umwagie mafuta hiyo sakafu ya chumbani inayolia kila ikikanyagwa, au uongeze misumari. Ningekuwa wewe nisingefanya lolote kati ya hayo. Nyumba ninayoishi ina sakafu ya mbao juu kote, nimeitengeneza mwenyewe sehemu baada ya sehemu, na kila mlio niliofuatilia ulikuwa na chanzo kimoja: kitu kimelegea, kinasuguana na jirani yake. Inaweza kuwa ubao na ubao, ubao na msumari wake, au ubao na boriti iliyoubeba. Kule Kyoto, Japani, Kasri la Nijo lina korido zinazolia kama ndege mtu akipita, na sauti ile ni misumari inayosuguana na vyuma vilivyo chini ya mbao. Basi ndicho kinachotokea chumbani kwako.

Kutafuta chanzo kunataka watu wawili. Mmoja atembee polepole, akifika penye mlio asimame na kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Mwingine, kama kuna njia ya kufika chini ya sakafu, aangalie kwa tochi ni wapi ubao unashuka na kupanda juu ya boriti. Weka alama ya chaki. Usipofika chini, laza kiganja sakafuni mwenzako akikanyaga. Ubao unaocheza utausikia mkononi.

Ukiwa na njia ya chini, kazi ni nyepesi. Penye mwanya kati ya boriti na ubao, paka gundi ya mbao kabari nyembamba uisukume taratibu mpaka ikae. Usiigonge kwa nguvu, maana itaunyanyua ubao na kuzaa mlio mwingine pembeni. Unaweza pia kufunga skrubu kutoka chini, lakini pima unene kwanza. Kama plaiwudi iliyolazwa chini ya mbao ni milimita 18 na mbao za juu ni milimita 19, skrubu isiingie zaidi ya milimita 30 hivi, isije ikatokeza juu.

Kutoka juu, tafuta boriti kwa kufuata mistari ya misumari iliyopo. Hapa wengi hukosea: tundu kwenye ubao wa juu liwe pana kiasi cha skrubu kupita bila meno yake kuuma, na tundu la kwenye boriti liwe jembamba. Meno yakiuma pote pawili, skrubu inaushikilia ubao palepale ulipo, mwanya unabaki, na kelele inabaki. Simama juu ya ubao unapokaza. Zamisha kichwa kidogo, kisha ziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao hiyohiyo, upige msasa. Hakikisha kwanza hakuna nyaya wala mabomba hapo. Mara nyingi hupitishwa kwenye matundu ya boriti.

Msumari laini, usio na meno, nimeukataa kwa sababu hushikwa na mbano wa mbao tu. Mbao zikikauka zinasinyaa, mbano unalegea, na msumari unaanza kupanda na kushuka ndani ya tundu lake. Huyo ndiye mwenye kelele. Mafuta nayo huacha madoa, huharibu vanishi, na baadaye gundi haitashika. Kama ni mbao mbili tu zinasuguana ubavuni, nyunyiza poda ya talki kwenye mwanya, ifagie iingie. Italia tena siku moja, utarudia; mimi naona hilo si tatizo.

Angalia pia hali ya hewa. Ubao hutanuka na kusinyaa zaidi kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana. Mlio unaokuja kiangazi na kupotea hewa ikiwa na unyevu ni wa ukavu, hauhitaji skrubu hata moja. Unyevu wa hewa ndani ukikaa kati ya asilimia 35 na 55, sakafu hutulia. Na deki kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ndoo ya maji ni adui.

Ukija kuweka sakafu mpya, acha mbao zikae chumbani humo siku kadhaa, zikiwa zimefunguliwa, na pima unyevu wake: mbao nyembamba zisipishane na plaiwudi kwa zaidi ya asilimia 4, mbao pana kwa zaidi ya 2. Paka gundi juu ya boriti kabla ya kulaza plaiwudi, ifunge kwa skrubu, na acha milimita 3 kati ya bapa na bapa la plaiwudi. Ukutani acha kama milimita 10 au zaidi, skatingi itaficha.

Ila ukikuta sakafu inabonyea, au boriti imepasuka, imeoza au imeliwa na mchwa, weka drili chini na uite fundi seremala aikague boriti yenyewe kwanza.